Uliza Fundi wa Picha: Negetivu, na ule uwazi unaouacha kwenye picha

Mwezi uliopita niligusia kidogo tu hapa kwamba ukitaka kujua kama picha yako imekaa sawa, igeuze iwe negetivu, yaani cheupe kiwe cheusi na cheusi kiwe cheupe, uiangalie upya, na toka hapo simu yangu haijapumzika. Wengine wamenitumia picha, wengine wanauliza negetivu yenyewe ni kitu gani (vijana hawa waliozaliwa na simu mkononi hawajawahi kushika filamu), na kuna mmoja ana boksi zima la marehemu babake. Barua zinazofanana nimeziunganisha. Majina siandiki, naandika mtaa au mji tu.

SWALI: Fundi, salaam aleikum. Mimi niko Shela, napiga na simu tu. Napenda sana picha zenye nafasi tupu kubwa, mtu mmoja mdogo na mchanga mtupu, ama mashua moja na bahari basi. Lakini nikiziweka watu wananiambia mbona hujapiga kitu, picha iko bure. Nimekutumia moja ya kule kwenye milima ya mchanga, niambie ukweli. (Dada wa Shela)

JIBU: Waaleikum salaam dadangu. Picha yako nimeiangalia kwa muda, na wazo lako ni zuri usikubali mtu akuvunje moyo. Uwazi sio tatizo, tatizo ni kwamba uwazi wako hujauangalia, umeuacha ujikalie wenyewe. Ngoja nikuonyeshe kwenye hiyo hiyo picha. Yuko mtu wa kanzu nyeupe, umemweka kulia kabisa, na anatembea kuelekea kulia, yaani anatoka kwenye picha na ile nafasi yote umemwachia mgongoni. Mtazamaji anamfuata hatua mbili halafu picha inaisha. Kona ya chini kushoto kuna chupa ya plastiki na nyayo za watu waliopita mwanzo, juu kulia kuna kipande cha makuti ya paa la mtu kimeingia nusu. Sasa hivyo vitu vitatu vidogo, kwenye picha iliyojaa watu na mikokoteni usingeviona, lakini kwenye picha tupu vinapiga kelele. Picha ikiwa na vitu vichache kila kimoja kinapandishwa cheo, hata takataka.

Halafu nimeigeuza negetivu, na hapo ndo nikaona tatizo kubwa zaidi. Mchanga uliokuwa mweupe umekuwa mweusi, kanzu nayo nyeupe imekuwa nyeusi, vimeshikana, mtu amepotea. Kimebaki kiuso na mikono viwili vinang'aa peke yake gizani, na chini ya chupa kuna mstari wa kivuli unang'aa kuliko mtu mwenyewe. Kwenye picha ya kawaida hukuona hilo kwa sababu wewe ulijua pale pana mtu, ulikuwa naye, pengine ni nduguyo, akili yako ilimjazia. Negetivu inakunyang'anya huko kujua. Mtu anakuwa umbo, mchanga unakuwa umbo, anga linakuwa umbo, na unabaki kuuliza maumbo haya yanaelewana ama hayaelewani. Ndo maana nasisitiza hili jambo mpaka watu wanachoka na mimi.

Kugeuza ni rahisi. Kwanza ifanye nyeusi na nyeupe, rangi zitakuzuga. Kisha kwenye programu kama Snapseed fungua pale penye mstari wa mshazari ndani ya kisanduku, ile ncha ya chini kushoto ipandishe mpaka juu kabisa na ile ya juu kulia ishushe mpaka chini, basi imegeuka. Kuna njia nyingine ya haraka hata kabla hujapiga, simu nyingi kwenye mipangilio zina sehemu ya kuwasaidia wasioona vizuri, humo mna kugeuza rangi, ukiiwasha kisha ukafungua kamera dunia yote mbele yako ni negetivu. Simama pale Mkunguni, Lamu mjini, mbele ya Ngome uangalie hivyo kwa dakika chache tu uone, ule mti mkubwa unakuwa wingu la mwanga na ukuta wa ngome unakuwa usiku, na watu waliokaa kwenye mabenchi wanatokeza ama wanazama kulingana na kilicho nyuma yao.

Sasa picha yako ya mchanga ufanyeje. Rudi jioni, kuanzia saa kumi na moja hivi, jua likishuka kila mlima wa mchanga unakuwa na upande wa mwanga na upande wa kivuli, na ule mstari unaovigawa ni mkali kama umekatwa. Mtu wa kanzu nyeupe mweke apite mbele ya upande wa kivuli. Mtu wa buibui jeusi ama kikoi cha rangi nzito apite upande wa mwanga. Na nafasi mpe mbele anakokwenda. Kuna wakati utataka kumwachia nafasi nyuma, mathalan mtu anayeondoka na wewe unataka tuhisi alikotoka, sawa, lakini iwe umeamua. Kabla hujapiga zungusha macho kwenye kingo nne za picha, chupa iokote uitie mfukoni, hiyo ni kazi ya mpiga picha pia, tena ufuo wetu utashukuru.

Angalia leso. Leso nzuri ina pindo yake, ina jina lake chini, na katikati ule mji, na kuna leso ambazo mji wake ni rangi moja tupu na embe moja tu ama korosho katikati, na hakuna bibi atakayekwambia leso hiyo haijamalizwa. Ule mji mtupu ndo unaofanya embe lionekane, na pindo ndo inaufanya ule utupu uwe na mpaka. Kwenye picha pindo yako ni zile kingo nne.

Umeuliza na mashua pia. Tanga la mashua ni pembetatu, na pembetatu ina ncha, inaelekeza, kwa hivyo nafasi ya mbele ya tanga ni muhimu kuliko ya nyuma. Upeo wa bahari usiukate picha katikati nusu kwa nusu, amua, ni picha ya anga ama ni picha ya maji? Wakati wa kaskazi anga huwa safi halina mengi, hapo mpe anga robo tatu. Kusi ikiingia mawingu yanajaa, uwazi wako utautafuta kwenye maji ama kwenye ukuta. Na mji wa Lamu unatazama mashariki, unatazama kisiwa cha Manda, kwa hivyo alfajiri ukisimama kwenye gati jua linatoka mbele yako na mashua zote zinakuwa vivuli vyeusi, jioni jua liko nyuma ya mji na matanga yanapata mwanga wa mbele. Mashua ni ile ile na maji ni yale yale, lakini asubuhi ni jeusi juu ya mwanga na jioni ni jeupe juu ya bluu, moja ni kama negetivu ya nyingine bila programu yoyote.

Jambo la mwisho kwako halafu niwape na wengine nafasi. Kuta nyeupe. Kamera, ya simu ama kubwa, imefundishwa kwamba dunia kwa wastani ni kijivu cha kati, ikiona ukuta mkubwa mweupe inadhani mwanga umezidi inapunguza, matokeo yake ukuta unakuwa kijivu cha uchafu na uso wa mtu wetu mweusi aliyesimama pale unakuwa giza huoni hata macho. Watu wanalaumu ngozi yao, hapana, laumu mashine. Gusa kwenye uso, shikilia kidole mpaka ijifunge, kisha kile kijua kidogo pembeni ya kidole kipandishe kidogo. Ukuta uache uwe mweupe kweli. Ila usipandishe mpaka plasta ipoteze kila alama, kuta zetu za mawe ya matumbawe na chokaa zina vimabonde na vimatuta vya mkono wa fundi, hivyo vikibaki kwa mbali uwazi unakuwa na pumzi. Na kama una nyumba ya zamani unayoruhusiwa kuingia, nenda kapige vidaka, zile safu za vijishubaka ukutani, upige peke yake bila mtu wala sahani ndani. Fundi aliyejenga aliuchonga ule uwazi kwa vipimo, kimoja kimoja, na kila kimoja kina kivuli chake. Piga mwanga ukiwa unatoka mlangoni upande mmoja, kisha geuza negetivu, utaona kile kilichokuwa shimo kinatokeza mbele kama kimejazwa. Nitumie hiyo.

SWALI: Shikamoo. Babangu alikuwa akipiga picha miaka ya nyuma, alipofariki tumekuta boksi la viatu limejaa negetivu, nyingine za rangi ya chungwa, nyingine nyeusi na nyeupe kubwa kubwa za mraba. Nyingine zina madoa na zanuka kama siki. Naweza kuzitazama vipi bila mashine, na nizioshe? Ndugu zangu wanataka tuziweke zote mtandaoni. (Msomaji, Malindi)

JIBU: Marahaba mwanangu, Mungu amrehemu mzee. La kwanza kabisa, usizioshe. Usitie maji, usitie spiriti, usipanguse na kitambaa. Hayo madoa yawezekana sana ni kuvu, na kuvu ikikaa kwenye filamu inaila ile gelatini inayobeba picha mpaka inakuwa laini ya kuyeyuka, ukiipeleka kwenye maji picha ya babako itatoka na maji. Vumbi la juu lipulize kwa pampu ndogo ya mpira ama brashi laini kavu, basi.

Zile zinazonuka siki zitenge leo leo, hata kabla hujamaliza kusoma gazeti. Filamu nyingi za zamani zimetengenezwa kwa asiteti, aina ya plastiki, na asiteti ikikaa kwenye joto na unyevu inaanza kuvunjika na kutoa asidi ya siki, na ule mvuke unazishika jirani zake nazo zinaanza. Joto na unyevu ndo hali ya pwani yetu mwaka mzima kwa hivyo hilo boksi limevumilia sana. Wanaohifadhi nyaraka hupenda unyevu uwe kati ya asilimia 30 na 50, sisi hapa bila mashine ya baridi hatufiki huko kirahisi, na ukipita 60 kwa muda mrefu kuvu inakaribishwa. Unachoweza kufanya ni kutafuta kopo la kufunga vizuri, utie vile vipakti vya kukausha vinavyokuja ndani ya viatu na mikoba (vibadilishe, vikishiba unyevu havifanyi kazi), kila negetivu uitie kwenye bahasha yake ya karatasi isiyo na asidi ama plastiki ya poliesta. Ile plastiki laini ya PVC yenye harufu usiitumie. Kopo liweke chumba chenye baridi kuliko vyote nyumbani, chini, mbali na bati, mbali na ukuta unaotoa chumvi. Zile za siki ndo za kupiga kopi kwanza, kwa sababu hazitangojei.

Kuzitazama unahitaji simu na tableti, ama simu mbili. Kwenye tableti fungua ukurasa mweupe mtupu, mwanga wote juu. Negetivu usiilaze juu ya kioo, ishikilie juu kidogo, kama sentimita tatu nne, manake ukiilaza kamera itaona na vile vidoti vya skrini. Kata kadibodi nyeusi yenye dirisha la kipimo cha picha, zile ndogo ni milimita 24 kwa 36, hizo za mraba za babako bila shaka ni sentimita 6 kwa 6 za filamu ya 120, ndo zilizokuwa zikitumika sana studio, na zina picha nzuri ajabu ndani yake. Mwanga wa pembeni ukizibwa negetivu inasomeka vizuri zaidi. Upande upi uwe juu? Upande mmoja unang'aa na mwingine umefifia, angalia namba na herufi zilizo ukingoni, zikisomeka sawa basi unaangalia kutoka upande wa kung'aa na picha iko sawa, la sivyo utamfanya mzee aandike kwa mkono wa kushoto.

Kama unataka kuchungulia tu ujue nini ni nini, washa ile kugeuza rangi niliyomweleza dada wa Shela, fungua kamera, elekeza kwenye negetivu yenye mwanga nyuma, na picha itatokea hai hapo hapo kwenye skrini. Nakuomba ufanye hivyo mkiwa pamoja na mama. Kwanza utaona uso mweupe wenye nywele nyeupe na meno meusi, mtu humtambui kabisa, halafu skrini inageuka na unasikia mtu nyuma yako anataja jina. Zile za chungwa ukizigeuza zitakuwa bluu bluu zote, ni kwa sababu ya ile rangi ya chungwa iliyotiwa kwenye filamu makusudi kusahihisha rangi wakati wa kuchapisha karatasini, usifadhaike, rekebisha rangi kwenye programu mpaka kitu unachojua ni cheupe, kanzu ama ukuta, kiwe cheupe.

Na ukianza kuzigeuza angalia jinsi babako alivyoacha nafasi. Wapiga picha wa filamu walikuwa na roli ya picha 36, ama 12 tu kwenye hizo za mraba, kila moja ni pesa, hawakubonyeza ovyo. Mara nyingi utakuta nyuma ya mtu pamewekwa pazia tupu ama ukuta mtupu na juu ya kichwa pameachwa hewa. Jifunze hapo.

La kuziweka mtandaoni nitasema wazi na ndugu zako wanisamehe. Humo ndani mna wanawake. Mna bibi harusi aliyepigwa ndani akiwa wazi kichwa kwa ajili ya mumewe na wanawake wenzake, mna shangazi wa watu waliokuja studio wakijua negetivu inabaki kwa fundi na fundi ni muaminifu. Babako aliishika ile amana mpaka akafa, nanyi mmeirithi pamoja na boksi. Kaeni na wazee, mtambue nani ni nani, waulizeni wenyewe walio hai na jamaa wa waliotangulia, akikataa mtu picha yake inarudi kwenye bahasha na haijadiliwi. Picha za mji, za gati, za sherehe za hadharani, ule mnara wa Vasco da Gama kabla ya vitu kujengwa karibu, hizo wekeni watu wafaidi.

SWALI: Mimi ni mwalimu Malindi, nafundisha sanaa. Wanafunzi hawana kamera na simu haziruhusiwi shuleni. Naweza kuwafundisha negetivu na nafasi tupu bila kamera? (Mwalimu)

JIBU: Mwalimu unaweza, tena watafahamu kuliko wenye kamera. Fanyeni picha za bluu, sayanotaipu. Aliyezibuni ni John Herschel, mwanasayansi Muingereza, mwaka 1842, na mwaka uliofuata Anna Atkins, mwanamke mtaalamu wa mimea, akaanza kutoa kitabu cha mwani wa Uingereza chote kwa njia hiyo, hakutumia kamera, aliulaza mwani wenyewe juu ya karatasi akauacha juani. Nyinyi mwani mnao ufuoni bure, kusi inautupa mzima mzima.

Zinahitajika dawa mbili, feriki amoniamu sitreti ile ya kijani na potasiamu ferisianidi. Mwombe mwalimu wa kemia mfanye pamoja, hilo ni la lazima. Gramu 25 za ya kwanza kwenye maji mililita 100, gramu 10 za ya pili kwenye maji mililita 100 mbali mbali, kisha unachanganya kiasi sawa wakati wa kupaka tu. Vaeni glavu, vyombo visirudi jikoni, na ile ferisianidi isikutanishwe na asidi kali wala moto, manake inaweza kutoa gesi ya sumu. Pakeni kwenye karatasi nene ndani ya chumba kisicho na mwanga wa jua, ikauke gizani.

Sasa wape karatasi moja moja na jani la mwarobaini, kipande cha wavu, ukindu, mwani uliosuuzwa chumvi ukakaushwa, kioo juu, nje. Kwa jua la Malindi la mchana dakika tano mpaka kumi na tano hivi, jaribuni kipande kwanza, karatasi inatoka rangi ya manjano kijani inakwenda kwenye bluu ya majivu. Kisha suuzeni mpaka maji yasitoke manjano. Hapa pana jambo la kwetu, maji mengi ya visima vya pwani yana chokaa ya matumbawe, na hii bluu haipendi chokaa, inafifia. Tumieni maji ya mvua kama yapo, ama tieni limau kidogo tu kwenye ndoo ya kwanza.

Pale jani lilipokaa patakuwa peupe, pale pasipo na kitu patakuwa bluu nzito. Usiwaeleze mwanzo, waache waone. Nilipenda siku zote kumuona mtoto aliyejaza karatasi yake majani mengi anatoa karatasi nyeupe isiyo na chochote, na jirani yake aliyeweka unyasi mmoja ana picha. Somo la pili wakate maumbo ya karatasi nyeusi, wapange tena, safari hii wakiutazama ule uwazi baina ya maumbo kabla ya kutoka juani. Na kama utaruhusiwa, piga picha moja na simu yako, igeuze, pelekeni saiba wachapishe kwenye karatasi ya plastiki inayopenya mwanga, hiyo ni negetivu kamili, ilazeni upande wa wino chini mtapata picha ya bluu ya shule yenu.

SWALI: Fundi nambie, zile picha za zamani mtu anaonekana ndani ya mtu ama yuko mara mbili, zilifanywaje bila kompyuta? Nataka kujaribu. (Kijana wa Langoni, Lamu)

JIBU: Kijana, hapa hapa Lamu tulikuwa na bingwa wa kuunganisha, marehemu Omar Said Bakor wa Studio ya Bakor, alikuwa akitengeneza picha moja kutoka picha za mahali tofauti kwa mkono na kwa makasi. Wazee wa mtaani kwako watakuhadithia kuliko mimi.

Ile ya mtu mara mbili siri yake ni giza. Filamu pale pasipofikiwa na mwanga inabaki haijaandikwa, negetivu yake inakuwa safi kama kioo, ina nafasi. Kwa hivyo ukimpiga mtu kulia mbele ya pazia jeusi, usisogeze filamu, ukampiga tena kushoto, wa pili anaandikwa pale ambapo wa kwanza hakugusa. Kinyume chake, ukimpiga mtu kivuli mbele ya anga kali, lile anga limeshajaa halipokei kitu tena, picha ya pili itaingia ndani ya umbo la mtu tu, ndo unapata mtu mwenye minazi tumboni. Unaona basi, kila kitu kiko kwenye kuamua wapi uache patupu kabla ya picha ya pili kuja. Kwenye simu tafuta programu yenye kupiga mara mbili ama kulaza picha juu ya picha, uchague ile aina ya kung'arisha, inafanya kama filamu. Anza na jambo dogo, kofia ya vito juu ya kitambaa cheusi, kisha mlango wa nakshi uliopigwa mwanga ukiwa wa pembeni. Mlango utauona unatoka ndani ya giza la kitambaa na kofia imekaa pale ulipoiweka.

SWALI: Naweza kuiacha picha ikiwa negetivu na kuitundika hivyo hivyo? Ama nitaonekana sijamaliza? (Msomaji, Mombasa, ila ni mtu wa Pate)

JIBU: Unaweza na ni kazi halali, msanii László Moholy-Nagy alikuwa akichapisha negetivu kama picha kamili tangu miaka ya 1920. Na negetivu ya zamani kabisa iliyosalia, ya William Henry Fox Talbot, mmoja wa waanzilishi wa upigaji picha, ya Agosti 1835, ni ya dirisha la nyumbani kwake Uingereza, ndogo karibu kama stempu, vioo ni vyeusi na fito ni nyeupe, na watu bado wanaitazama.

Ila si kila picha inafaa. Nyuso usifanye, macho yenye mboni nyeupe na meno meusi yanawatia watu hofu na wanaacha kuangalia kitu kingine chote. Chagua kitu ambacho watu wanakijua kwa umbo, tanga, mnara wa msikiti, dirisha la fito, mkoko mmoja maji yakiwa yametoka, nyuma pawe peupe ili pakigeuka pawe giza moja lisilo na madoa. Doa dogo la vumbi ambalo hukuliona kwenye anga jeupe litakuwa nyota kwenye anga jeusi, lifute kwanza. Chapisha kwenye karatasi isiyong'aa kwa sababu weusi mkubwa ukiwa na mng'ao utajiona mwenyewe ndani badala ya picha, acha na ukingo mweupe wa sentimita nne tano kabla ya fremu. Na kabla ya kulipa muombe mchapishaji akutolee kipande kidogo cha ile sehemu ya giza peke yake, wino ukitoka wa kahawia ama kijani mrudishie arekebishe, usikubali kuambiwa itakauka iwe sawa.